MCHANGO WA MSIMBO KATIKA PROGRAMU HURIA ZA MTANDAO
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wakaazi wa Kendwa

Maelezo haya yanatolewa kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Kendwa, pamoja na vijiji jirani vya Wilaya ya Kaskazini A, kwa madhumuni ya kufafanua namna mtu anavyoweza kuchangia msimbo katika programu huria zinazotumika kwa njia ya mtandao. Jambo hili limekuwa likichukuliwa kuwa ni la wataalamu wa nchi za nje, au la ofisi za Mjini peke yake. Dhana hiyo si sahihi. Baadhi ya programu zinazohusika zilitungwa kwa ajili ya Zanzibar yenyewe; taarifa zinazoingizwa humo ni za nyumba zetu na za wagonjwa wetu; na mara nyingi kasoro zake huonekana kwanza kwa yule anayezitumia kijijini, kabla ya yule aliyeziandika.

Nia ya maelezo haya ni kumfahamisha msomaji jambo moja kubwa, nalo ni hili: kasoro inayorekebishwa katika nakala ya ofisi moja tu hurudi au husahauliwa, bali kasoro inayorekebishwa katika shina la programu huondoka kwa watumiaji wote na kwa muda mrefu. Mlango wa kulifikia shina hilo uko wazi kwa kila mwenye kufuata taratibu zake.

1. MAANA YA PROGRAMU HURIA

Kila programu ya kompyuta hutungwa kwa maagizo ambayo binadamu anaweza kuyaandika na kuyasoma. Maagizo hayo ndiyo yanayoitwa msimbo. Programu nyingi zinazouzwa hutolewa bila ya msimbo wake. Mnunuzi hupata haki ya kuitumia tu, mithili ya mpangaji anayekabidhiwa ufunguo wa chumba lakini haruhusiwi kugusa ukuta. Programu huria hutolewa pamoja na msimbo wake, na huambatana na leseni inayompa kila mtu ruhusa ya kuitumia, kuusoma msimbo huo, kuubadilisha, na kuwagawia wengine kwa masharti yaliyotajwa.

Programu ya mtandao, kwa upande wake, ni ile inayofanya kazi katika kompyuta kuu na kufunguliwa na mtumiaji kwa kivinjari, awe ofisini, kituo cha afya au nyumbani. Wavuti wenyewe ulikua kwa njia ya uhuria: tarehe 30 Aprili, 1993 kituo cha utafiti cha CERN, kilichopo Geneva, kiliiweka programu yake ya wavuti mikononi mwa umma bila ya kudai malipo. Kabla ya hapo, mwaka 1991, Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi nchini Finland, alikuwa amekwisha kutoa Linux, ambayo leo inaendesha sehemu kubwa ya kompyuta kuu za intaneti.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu katika shughuli hizi. Mnamo Januari 2008, baada ya machafuko yaliyofuatia uchaguzi wa Kenya, wananchi wa nchi hiyo akiwamo Ory Okolloh na wenzake walitunga programu ya mtandao ya kukusanya taarifa za matukio na kuyaonesha katika ramani. Wakaipa jina la Kiswahili, Ushahidi, na msimbo wake ukawekwa wazi. Mwaka 2010 programu hiyo hiyo ilitumika kukusanya taarifa baada ya tetemeko la ardhi nchini Haiti.

Ni vyema ikaeleweka kwamba neno "huria" halina maana ya "bila gharama". Ofisi inayotumia programu huria bado italipia kompyuta kuu, umeme, intaneti na mafunzo. Inachokipata bila ya kununua ni ruhusa ya kuifahamu programu na kuitengeneza.

2. PROGRAMU HURIA KATIKA HUDUMA ZA ZANZIBAR

Mfano ulio karibu zaidi nasi unatokana na vita dhidi ya malaria. Kutokana na dawa mseto, vyandarua na upigaji dawa majumbani, maambukizi ya malaria Zanzibar yalishuka hadi chini ya asilimia 1. Ugonjwa unapofikia kiwango hicho, hesabu ya jumla haitoshi tena; kila mgonjwa mmoja hana budi kufuatiliwa hadi nyumbani kwake. Mwaka 2008 ulianza utaratibu wa vituo vya afya kupeleka kila wiki idadi ya wagonjwa kwa simu ya mkononi. Mwaka 2012 ikafuata programu iitwayo Coconut Surveillance, iliyotungwa na wataalamu wa shirika la RTI la Marekani kwa kushirikiana na mpango wa malaria wa Zanzibar.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Mgonjwa akithibitishwa kituoni, taarifa fupi ilipelekwa kwa simu hadi kwa afisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya. Afisa huyo alikwenda kituoni akachukua maelezo ya mgonjwa, kisha akaenda nyumbani kwake, akawapima wanakaya wengine, akaandika kama mgonjwa amesafiri na kama chandarua kinatumika, na akanukuu mahali nyumba ilipo. Yote hayo yaliingizwa katika kompyuta ndogo ya mkononi. Kwa kuwa intaneti haifiki kila pahala, programu iliundwa iweze kufanya kazi bila ya mtandao na kuoanisha kumbukumbu baadaye, kwa kutumia hifadhi huria iitwayo CouchDB. Msimbo wa Coconut uliwekwa wazi, na mtu yeyote, pamoja na kijana wa skuli ya Kaskazini Unguja, anaweza kuusoma.

Mfano wa pili ni DHIS2, programu ya mtandao ya kukusanya na kuchambua takwimu za afya. Asili yake ni kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na toleo hili la pili lilianza kutumika mwaka 2006 chini ya usimamizi wa Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Wizara ya Afya ya Zanzibar iliingia katika ushirikiano wa programu hizi mwaka 2005. Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70, na leseni yake inaruhusu kila nchi kuibadilisha kwa mahitaji yake.

3. KWA NINI REKEBISHO LIRUDISHWE KWENYE SHINA

Ofisi inayoona kasoro katika programu huria ina njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuvumilia, na kuwaagiza makarani waandike pembeni kwa kalamu kile ambacho programu imekosea. Ya pili ni kumtafuta fundi airekebishe nakala iliyopo katika kompyuta kuu ya ofisi. Ya tatu ni kulipeleka rekebisho hilo kwa wasimamizi wa programu, ili liingizwe katika shina, yaani msimbo mkuu ambao nakala zote hutoka humo.

Njia ya pili huvutia wengi kwa kuwa ni ya haraka. Hata hivyo, athari zake huonekana baadaye. Wasimamizi wa programu hutoa matoleo mapya mara kwa mara, yenye nyongeza na kinga dhidi ya wavamizi wa mitandao. Kwa upande wa DHIS2, Oslo huhudumia matoleo 3 ya karibuni tu. Ofisi yenye nakala iliyorekebishwa kwa siri inapoweka toleo jipya, rekebisho lake hufutika, na kasoro ya zamani hurejea. Isipoweka toleo jipya, rekebisho hubaki lakini kinga hukosekana. Na iwapo fundi aliyelifanya amehamishwa au amestaafu, huenda asiwepo mtu anayejua ni mistari ipi iliyoguswa.

Wakaazi wa Kendwa wanaifahamu kazi ya mafundi wa vyombo wa Nungwi. Ubao uliooza ukitolewa na mwingine ukatiwa, hupona chombo hicho kimoja. Katika programu huria, ubao ukibadilishwa kwenye shina, hupona kila chombo cha aina hiyo, popote kilipo, mara tu mwenyewe anapochukua toleo jipya. Rekebisho lililotoka Unguja linaweza kumfaa karani wa Malawi au wa Sri Lanka, na la kwao likatufaa sisi.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito. Programu nyingi za huduma za jamii zimegharimiwa na miradi, na mradi wowote una mwanzo na mwisho wake. Mwaka 2025 Serikali ya Marekani ililifunga shirika lake la misaada la USAID, na nchi nyingi zikatanabahi jinsi zilivyozitegemea fedha ambazo hazikuwa katika mikono yao. Mradi unapofungwa, programu ya kununua inaweza kufungwa nayo. Msimbo ulio wazi hubaki. Lakini kubaki kwa msimbo hakutoshi ikiwa hapana mwenyeji anayeufahamu, na njia iliyo bora ya kuufahamu msimbo ni kuufanyia kazi na kuchangia marekebisho, hata madogo, wakati wenye kuutunga bado wapo na wanaweza kuulizwa.

4. HATUA ZA KUCHANGIA: MFANO WA KENDWA NA KANDWI

Ili taratibu zieleweke, na tuchukue mfano wa kubuni, usiohusu programu yoyote iliyotajwa hapo juu. Katika Wilaya ya Kaskazini A kuna Kendwa na kuna Kandwi. Majina haya hutofautiana kwa herufi 2 tu. Tuseme iko programu ya kuorodhesha wagonjwa ambayo, karani anapokosea jina la mahali, hutafuta katika orodha jina lililo karibu na kulichukua yenyewe pasi na kuuliza. Siku moja karani aliyechoka anaandika "Kandwa". Neno hili liko umbali wa herufi 1 kutoka Kendwa, na umbali wa herufi 1 vile vile kutoka Kandwi. Programu inachukua lililotangulia kwa mpangilio wa alfabeti, nalo ni Kandwi. Afisa wa wilaya anapanda pikipiki kwenda Kandwi kutafuta nyumba isiyokuwepo huko, ilhali mgonjwa na watoto wake wako Kendwa. Muda wa kuwapima wanakaya unapita, na mbu hawangoji.

Anayetaka kuiondoa kasoro ya namna hii atafuata hatua zifuatazo.

Hatua ya kwanza ni kuithibitisha kasoro. Mhusika airudie mara kadhaa kwa majina ya kubuni, si ya wagonjwa halisi, na aandike toleo la programu analotumia, alichokiandika, alichotarajia na kilichotokea. Kasoro isiyoweza kurudiwa ni vigumu kutibika.

Hatua ya pili ni kuitolea taarifa. Miradi mingi ya programu huria ina daftari la wazi la kasoro. Mhusika alitazame kwanza, kwani huenda mtu mwingine amekwisha kuieleza. Kama haimo, aandike taarifa yake kwa ufupi. Mawasiliano mengi ya miradi hii hufanyika kwa Kiingereza. Sentensi fupi zilizo wazi zinatosha, wala hapatafutwi ufasaha.

Hatua ya tatu ni kusoma kanuni za mradi. Miradi iliyo makini huweka waraka wa wachangiaji unaoeleza mtindo wa kuandika msimbo, namna ya kuujaribu, na masharti ya leseni. Mchango unaopuuza waraka huo hurudishwa hata ukiwa na manufaa.

Hatua ya nne ni kuchukua nakala ya msimbo. Chombo kinachotumiwa na wengi kwa kazi hii huitwa Git, kilichotungwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Git huhifadhi historia ya kila badiliko: nani amelifanya, lini, na kwa sababu gani. Mchangiaji hufungua tawi lake, yaani njia ya pembeni ambamo anaweza kubadilisha na kujaribu bila ya kuligusa shina.

Hatua ya tano ni kufanya badiliko lenyewe, nalo liwe dogo kadiri inavyowezekana. Katika mfano wetu, badiliko ni agizo moja: yakipatikana majina mawili au zaidi yaliyo sawa kwa ukaribu, programu isichague, bali imwoneshe karani majina yote na kumtaka athibitishe. Mchangiaji asichukue fursa hiyo kubadilisha rangi za ukurasa au kupanga upya mafaili. Badiliko dogo hupitiwa upesi. Badiliko kubwa lenye mambo kumi humchosha mkaguzi na hukaa bila ya majibu.

Hatua ya sita ni kuandika majaribio. Haya ni maagizo mafupi yanayoikagua programu yenyewe kwa yenyewe. Jaribio la kwanza litasema: ukiandika "Kandwa", yaoneshwe majina mawili. La pili: ukiandika "Kendwa", lichukuliwe jina hilo moja. La tatu: ukiandika "Nungwi", pasitokee swali lolote. Majaribio haya hubaki katika shina na kukaguliwa kila mara msimbo unapoguswa, hata miaka kumi baadaye, na mtu ambaye hajapata kuisikia Kendwa. Kwa njia hiyo, elimu ya karani mmoja wa Kaskazini A inakuwa sehemu ya programu.

Hatua ya saba ni kupeleka ombi la kuunganisha. Hili ni ombi rasmi linalowaeleza wasimamizi kilichobadilishwa na sababu yake, na kuwataka wakiingize katika shina. Aghalabu hupelekwa kupitia ghala la msimbo la mtandaoni, kama vile GitHub, lililofunguliwa mwaka 2008. Maelezo yaanze na tatizo la mtumiaji: kwamba majina mawili ya vijiji yanafanana na afisa anaweza kupelekwa pasipo. Msimamizi aliye Oslo au Nairobi hawezi kulijua hilo asipoambiwa.

5. MAPITIO YA WENZAKO

Baada ya ombi kupokelewa, wasimamizi hulipitia mstari kwa mstari. Huuliza maswali, hutaka jina hili libadilishwe na agizo lile lifupishwe. Wachangiaji wengi wapya huvunjika moyo katika hatua hii, kwa kudhani kwamba wamedharauliwa. Sivyo ilivyo. Hata wasimamizi wenyewe hupitiwa kazi zao na wenzao kwa utaratibu huo huo.

Watumishi wa afya wa Zanzibar wameuzoea utaratibu unaofanana na huu. Kuanzia mwaka 2005, chini ya kazi iliyoshirikisha Wizara ya Afya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Oslo, timu za afya za wilaya za Unguja na Pemba zilikutana kwa vipindi katika warsha za takwimu. Kila timu iliwasilisha hesabu zake mbele ya timu nyingine, na wenzao wakazihoji: mbona chanjo zimezidi idadi ya watoto, mbona kituo fulani hakina taarifa ya mwezi? Maelezo ya warsha hizo yalichapishwa mwaka 2012 katika jarida la Shirika la Afya Duniani, kwa sababu zilisaidia kuboresha takwimu na kuwafanya watumishi wazitumie badala ya kuzipeleka juu tu. Aliyepata kusimama mbele ya wenziwe katika warsha ya aina hiyo hana la kuogopa katika mapitio ya msimbo. Anayehojiwa hapo ni kazi, si mtu.

Inafaa kusema kweli kwamba maombi mengine hukataliwa. Sababu inaweza kuwa ni kwamba badiliko linawafaa watumiaji wachache mno, au linagongana na mpango uliopo. Miradi mingine imepungukiwa na wasimamizi, na ombi linaweza kukaa miezi bila ya jibu. Pale inapotokea hivyo, leseni huria inaruhusu kuchukua msimbo na kuuendeleza peke yenu. Lakini hatua hiyo ni kama kujitenga na chama cha ushirika: mzigo wote wa matengenezo utakuwa wenu, na isichukuliwe kabla ya kuhesabu nani ataubeba.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya programu zimeweka njia ya kati. DHIS2 inaruhusu kutungwa kwa programu ndogo zinazoungana na kiini bila ya kukibadilisha. Wataalamu wa mtandao wa HISP nchini Tanzania, wenye chimbuko lao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wametunga programu ndogo za aina hiyo, mojawapo ikiwa ya kuonesha alama za utendaji wa wilaya na vituo, na nchi nyingine zinaweza kuzichukua na kuzitumia. Huo ni mchango uliotoka Afrika Mashariki kwenda duniani.

6. MCHANGO WA WASIOANDIKA MSIMBO

Si lazima kila mchangiaji ajue kuandika msimbo. Taarifa ya kasoro iliyoandikwa vyema ni nusu ya kazi. Tafsiri ni mchango mwingine mkubwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi iliyofasiriwa kwa Kiswahili, na hivyo kuthibitisha kwamba lugha yetu inaweza kuwa lugha ya kompyuta. Miradi mingi leo, ikiwamo DHIS2, hupokea tafsiri kupitia kurasa maalumu za mtandaoni, ambapo mfasiri huoneshwa neno moja moja na kuandika lake.

Kadhalika, majina ya mahali yanahitaji wenyeji. Hapana fundi wa mbali anayeweza kujua kwamba Kendwa na Kandwi ni mahali pawili. Sheha, mwalimu au mvuvi anaweza kulisema hilo kwa dakika moja, na neno lake likaokoa safari na maradhi.

7. MAMBO YA KUZINGATIWA

Watumishi wa Serikali wanaotaka kuchangia wanakumbushwa mambo yafuatayo:

(a) Siri za wananchi. Jina la mgonjwa, namba ya simu, mahali pa nyumba yake au majibu ya vipimo vyake visiwekwe katika taarifa ya kasoro, katika majaribio, wala katika picha ya kioo cha kompyuta. Ghala la msimbo ni la wazi, na kilichowekwa humo hubaki katika historia yake hata baada ya kufutwa.

(b) Maneno ya siri. Maneno ya siri na anuani za ndani za kompyuta kuu za ofisi yasiandikwe ndani ya msimbo. Yakiwekwa kwa bahati mbaya, yabadilishwe mara moja. Kufuta pekee hakutoshi.

(c) Kasoro za usalama. Kasoro inayoweza kumwezesha mtu asiyehusika kusoma kumbukumbu isitangazwe katika daftari la wazi. Ipelekwe kwa faragha kwa wasimamizi, na mkuu wa ofisi afahamishwe.

(d) Idhini ya mwajiri. Msimbo ulioandikwa katika saa za kazi na kwa vifaa vya ofisi unaweza kuwa mali ya mwajiri. Mtumishi apate idhini kwa maandishi kabla ya kuupeleka nje.

(e) Leseni. Mchangiaji asinakili msimbo wa programu nyingine bila ya kuhakikisha kwamba leseni zake zinakubaliana, na asiondoe maelezo ya hakimiliki yaliyomo.

(f) Kuyajaribu pembeni. Badiliko lisijaribiwe kamwe katika mfumo unaotumika na wananchi. Ofisi ziwe na nakala ya majaribio yenye taarifa za kubuni.

8. HITIMISHO

Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 idadi ya wagonjwa wa malaria Zanzibar ilipanda tena kwa kiwango cha kushtua, baada ya miaka mingi ya kuwa chini. Hilo ni onyo kwamba mafanikio yanayotegemea ufuatiliaji wa nyumba kwa nyumba hayana budi kulindwa kila siku, na pamoja nayo vyombo vya ufuatiliaji huo. Programu iliyo na kasoro isiyorekebishwa haipigi kelele. Humpeleka afisa njia isiyo yake, na hesabu ya mwezi hufungwa kama kwamba kila kitu ki sawa.

Kwa hiyo, wakuu wa ofisi wanashauriwa kuwapa watumishi wao wenye ujuzi muda na ruhusa ya kurudisha marekebisho kwenye shina, na wasiridhike na nakala zilizotengenezwa kienyeji. Walimu wa skuli wanashauriwa kuwaonesha wanafunzi msimbo wa programu zinazotumika nchini, kwani ni kitabu cha kiada kisichouzwa. Na wananchi wanaombwa, pale wanapoona jina la mahali pao limeandikwa sivyo katika fomu au katika kompyuta ya kituo, wasinyamaze. Wamweleze mhudumu wa kituo au Sheha, wataje jina lilivyo na mahali palipo, na wafuatilie hadi waambiwe kwamba taarifa imepelekwa kwa wanaohusika.